Mlezi wa mtoto ahesabiwe: barua ya wazi kwa Kongresi ya Marekani na IRS

Kwa wajumbe wa Kamati ya Fedha ya Seneti, wajumbe wa kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi, na Kamishna wa IRS, idara ya kodi ya serikali ya Marekani, Washington.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu EITC, nafuu ya kodi mnayowapa wafanyakazi wa kipato cha chini, na hasa kuhusu maswali wanayoulizwa kabla ya kukubaliwa kwamba wanastahili. Nipo Des Moines, Iowa. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili, najitolea kuwajazia watu fomu za kodi bila malipo. Wengi ninaowahudumia ni Wakongo wa Kivu Kusini, Warundi, na vijana waliozaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996. Wanakata nyama viwandani, wanapakia mizigo maghalani, wanawaogesha na kuwalisha wazee wenu usiku wa manane. Nakala ya Kiingereza mtaipata ofisini. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani ili wanaozungumziwa wasome wenyewe kile ninachowaombea.

Ninachoomba ni kwamba mtu astahili nafuu hii kwa sababu anafanya kazi na analea mtoto. Leo sheria inamtaka pia awe wa ukoo fulani na awe na makaratasi fulani, na hapo ndipo walezi wengi wa kweli wanapoangukia nje.

Kwanza niseme wazi kwamba mpango huu ni mzuri. Ulianza mwaka 1975, na vyama vyote viwili vimeupanua kwa nyakati tofauti. Kila mwaka unazifikia familia na wafanyakazi milioni 23 hivi. Mama mwenye watoto wawili, asiye na mume hapa, akipata mshahara wa dola 30,000 kwa mwaka 2025, nafuu yake inafika dola 5,750 hivi. Hiyo ni sawa na mshahara wake wa wiki kumi. Sisi wa Iowa jimbo hutuongezea asilimia 15 juu ya hizo. Nimeona pesa hizo zikilipa pango lililochelewa, zikinunua gari la kumpeleka mtu zamu ya alfajiri mahali basi halifiki, zikimtoa mtu kwenye deni la hospitali. Watu hawa wamezifanyia kazi. Asiye na kipato cha kazi hapati hata senti, na mwenye mshahara mdogo sana hupata kidogo, kisha nafuu inapanda kadiri mshahara unavyopanda hadi ifike kikomo chake, ikae hapo, halafu ianze kushuka taratibu. Kwa familia ya watoto watatu au zaidi kikomo hicho ni dola 8,046 kwa mwaka huo wa kodi.

Upande wa mshahara hauna shida kubwa. Mwajiri anatoa W-2, fomu inayoonyesha mshahara wa mwaka, nakala inafika serikalini, na hesabu inajulikana. Shida iko kwa watoto.

Sheria inataka mtoto awe mwanao, mtoto wa kambo, mjukuu, ndugu yako, mtoto wa ndugu yako, au mtoto uliyekabidhiwa na shirika lenye mamlaka au mahakama. Awe hajafika miaka 19, au 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote, isipokuwa kama ana ulemavu wa kudumu. Awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Nyote muwe na namba za Social Security, yaani za hifadhi ya jamii, zinazoruhusu kazi. Kwa baba na mama na watoto wao wawili, na majina yote manne kwenye mkataba wa pango, masharti haya yanatimizwa kwa dakika kumi.

Sasa chukueni nyumba nyingine, za aina ninayokutana nayo kila msimu. Mwanamke amemlea binti wa binamu yake tangu binamu huyo alipouawa Fizi, Kivu Kusini. Walikimbia pamoja, wakakaa kambini pamoja, wakapanda ndege pamoja. Binti anamwita mama, shule inamjua kuwa mama, daktari anamjua kuwa mama. Nikifika kwenye mstari wa uhusiano, nalazimika kumwambia kwamba kwa EITC binti huyu hahesabiki. Mtoto wa dada angehesabiwa, wa binamu hapana. Sheria hiyo hiyo ya kodi, kurasa chache mbele, inamruhusu kumtaja binti huyu kama mtegemezi wake, kwa kuwa ameishi naye mwaka mzima na yeye ndiye anayemlisha, na inampa dola 500 kwa ajili yake. Kwa hiyo serikali inakiri kwamba mtoto yupo, kwamba anaishi humo, na kwamba mwanamke huyu ndiye anayemtunza. Ikishakiri yote hayo inamhesabu kwenye EITC kama mtu asiye na mtoto, ambaye kwa mwaka 2025 hawezi kupata zaidi ya dola 649, na akiwa peke yake akapata mshahara unaozidi dola 19,104 hapati kitu kabisa. Mtu anayefanya kazi wiki nzima, mwaka mzima, kwa malipo ya kawaida ya kiwandani, amekwisha kuvuka hapo. Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Vita vimeifanya mikono hiyo kuwa ya binamu, ya jirani wa kambini, ya mke wa mjomba aliyekufa.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 1999, mtu aliyemlea mtoto kama wake mwenyewe, akaishi naye mwaka mzima, aliweza kumhesabu kwa EITC hata kama hakuna shirika lililomkabidhi. Ni Kongresi iliyoufunga mlango huo, ikidai karatasi ya shirika au udugu wa karibu. Najua hofu iliyokuwepo, kwamba watu wangekopeshana watoto ili kupata pesa. Lakini sharti la kuishi pamoja mwaka mzima lilikuwa zito kuliko lile la nusu mwaka wanalopewa wazazi, na shule na zahanati zinajua vizuri kabisa mtoto analala wapi. Rudisheni sharti lile. Mkitaka liwe gumu zaidi, ombeni barua mbili, moja ya shule na moja ya daktari. Mwanamke niliyemtaja angezileta wiki hiyo hiyo.

Hata wale ambao sheria inawatambua wanaweza kukwama kwenye uthibitisho. Shangazi au mama mdogo anayemlea mtoto wa ndugu yake anastahili, hilo halina ubishi. Barua ya ukaguzi ikija, anaambiwa athibitishe uhusiano. Maana yake ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mzazi wake, cheti cha mzazi huyo, na cheti chake yeye mwenyewe, ili ionekane kwamba yeye na mzazi wa mtoto wana baba au mama mmoja. Vyeti vitatu. Mtoto aliyezaliwa kambini huenda anacho, mama aliyezaliwa kijijini Uvira miaka ya themanini huenda hakuwahi kupewa, na dada aliyekufa hana wa kumtafutia. Wengi wa watu wangu walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari walipoandikishwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na tarehe kamili. Kuna kaka wanaolea wadogo zao ambao kwenye karatasi wamepishana nao miaka isiyolingana na sura zao, na sheria inataka mtoto awe mdogo kwa umri kuliko anayemdai. Majina nayo yameandikwa kwa namna tatu katika hati tatu. Serikali hii hii ya Marekani iliwahoji watu hawa kwa miaka kabla ya kuwapa ndege. Ina majalada yanayoonyesha nani ni nani katika kila familia, yaliyohakikiwa na maofisa wake yenyewe. Kwa nini karatasi zile zisitoshe kuthibitisha uhusiano mbele ya IRS? Naomba Kamishna aelekeze, hata bila sheria mpya, kwamba hati za familia zilizotolewa wakati wa kumpokea mkimbizi zikubaliwe kama ushahidi.

Kisha kuna ushahidi wa makazi. Fomu 886-H-EIC, ile orodha ya hati zinazokubalika, inataka kumbukumbu zenye jina la mtoto, anwani yenu na tarehe za mwaka unaokaguliwa. Mwaka wa shule unaanza Agosti na kuisha mwaka unaofuata, hivyo mara nyingi inabidi mlezi alete rekodi za miaka miwili ya shule ili afunike mwaka mmoja wa kodi. Kama mtoto analelewa na bibi mchana wakati mama yuko zamu, barua ya bibi peke yake haitoshi, kwa sababu ni jamaa. Lazima iambatane na hati nyingine. Mkataba wa pango uko kwa jina la mjomba aliyefika kwanza na mwenye rekodi ya mkopo. Familia imehama mara mbili katika mwaka, na zahanati bado ina anwani ya zamani. Mwenye nyumba hataki kuandika barua inayosema watu saba wanaishi kwenye vyumba viwili. Yote haya mlezi anatakiwa kuyakusanya ndani ya siku 30 huku rifandi yake, yaani pesa za kodi anazorudishiwa, ikiwa imezuiwa, kwa barua ya Kiingereza ambayo mara nyingi inafunguliwa na mtoto wa darasa la sita.

Kuhusu lugha sitarefusha. IRS ilipotoa fomu ya kuchagua lugha ya mawasiliano, ilitaja lugha 20. Kiswahili hakikuwemo. Naomba kiongezwe.

Najua hoja ya upande wenu. Makadirio ya serikali yenyewe yanasema kwamba karibu robo ya pesa za EITC, na miaka mingine hata karibu theluthi, zinalipwa kimakosa. Ni pesa nyingi, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza. Lakini makosa mengi yanayogharimu zaidi yanatokana na maswali haya haya ya mtoto: aliishi wapi, kwa miezi mingapi, nani kati ya watu wazima wawili au watatu wa nyumba moja ana haki ya kumdai. Mama na bibi wanaoishi pamoja, wote wanafanya kazi, wote wanamlea, wanaweza wote kumdai kwa nia njema, na sheria ikaamua baadaye kwamba ni wa mama. Kuliita jambo hilo wizi ni kuwaonea. Na adhabu yake ni kali: ukionekana umepuuza kanuni kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, unafungiwa miaka miwili, na ikiamuliwa kuwa ni ulaghai, miaka kumi. Mtu aliyeshindwa kujibu barua kwa sababu hakuielewa anaweza kunyang'anywa nafuu aliyostahili, na asiidai tena mwaka unaofuata kwa woga tu.

Tena makosa mengine hayatoki kwa familia. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua mwaka 2014 kwamba IRS haina mamlaka ya kisheria ya kuwadhibiti wajazaji kodi wa kulipwa, na Kongresi haijaipa mamlaka hayo tangu wakati ule. Shirikisho halina leseni kwao. Mtu anafungua ofisi dukani Januari, anajaza fomu, anakata ada kwenye rifandi, na Aprili amefunga. Ukaguzi ukija miezi kadhaa baadaye, anayejibu ni mama wa kiwandani. Nimewasaidia watu waliowekewa kwenye fomu biashara ambayo hawakuwahi kuifanya, ili kipato chao kifike pale nafuu inapokuwa kubwa zaidi. Hawakujua. Ipeni IRS mamlaka hayo, kisha muone takwimu za makosa zitakavyokuwa.

Na ukaguzi wenyewe haujagawanywa kwa haki. Mapema mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao waliokuwamo Wizara ya Fedha walionyesha kwamba walipa kodi weusi walikuwa wakikaguliwa takriban mara tatu hadi tano zaidi ya wengine, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na jinsi madai ya EITC yanavyochaguliwa kukaguliwa. Mei ya mwaka ule Kamishna wa wakati huo, Danny Werfel, aliiandikia Seneti akikiri tatizo, na baadaye IRS ikaahidi kupunguza ukaguzi huo wa barua. Naomba ahadi hiyo isiishie kwake, na takwimu zitolewe hadharani kila mwaka ili tuone.

Kuna wazo ambalo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, ndani ya ule muswada mkubwa wa kodi, kifungu cha kumtaka kila anayedai EITC kwa ajili ya mtoto apate kwanza kutoka IRS cheti cha kuthibitisha kwamba mtoto huyo anahesabika kwake. Seneti ilikiondoa, na sheria ikatoka bila hicho. Nashukuru. Lakini mawazo ya namna hii hayafi, yanarudi na muswada unaofuata. IRS ilikwisha kulijaribu jambo hili mwaka 2004, ikawataka maelfu ya familia zithibitishe makazi ya watoto kabla ya kulipwa. Baadhi ya wasiostahili walijiondoa, ndiyo. Walijiondoa pia watu wanaostahili, waliochoshwa au kutishwa na makaratasi. Tayari mtu mmoja kati ya kila watano wanaostahili EITC haidai kabisa. Mkiongeza cheti, wa kwanza kukosa watakuwa hawa ninaowaeleza, wasio na vyeti vitatu, si mlaghai anayejua kutengeneza karatasi.

Lipo pendekezo bora, nalo limetoka ndani ya nyumba yenu. Mwaka 2019 Mtetezi wa Kitaifa wa Walipa Kodi wa wakati huo, ofisa wa ndani ya IRS anayewasemea walipa kodi, Nina Olson, alishauri EITC igawanywe vipande viwili: kimoja cha mfanyakazi kinachohesabiwa kwa mshahara wake tu, na kingine cha mtoto. Kwa mgawanyo huo, kipande cha mfanyakazi kingeweza kulipwa haraka, kwa sababu W-2 IRS inazo. Mabishano kuhusu mtoto yangebaki kwenye kipande cha pili, na familia isingezuiliwa fedha zote kwa sababu ya swali moja kuhusu anwani. Kijana wa miaka 22 anayefanya kazi ghalani, ambaye leo hapati chochote kwa sababu hajafika miaka 25 na hana mtoto, angeingia humo. Mwaka 2021 mliwaruhusu vijana kama yeye kwa mwaka mmoja tu, na mkakipandisha kiwango cha wasio na watoto hadi dola 1,502. Mwaka uliofuata mkavirudisha vyote vilivyokuwa.

Nitaje pia tundu moja ambalo sijawahi kusikia mwanasiasa akilitaja. Mkimbizi anayefika Februari anahesabiwa kuwa hakuwa mkazi kwa ile sehemu ya mwaka kabla hajafika, na asiyekuwa mkazi hata kwa sehemu tu ya mwaka hastahili EITC ya mwaka huo. Mke na mume waliofika pamoja wanaweza kuchagua kuhesabiwa kuwa wakazi wa mwaka mzima, wakapata. Mjane aliyefika ndege hiyo hiyo na watoto wanne hana uchaguzi huo. Ameanza kazi Aprili, watoto wameishi naye hapa miezi kumi, amelipa kodi kama wenzake, lakini kwa sababu mume amekufa anakosa maelfu ya dola. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ni kifungu kilichoandikwa bila kumfikiria. Kinarekebishika kwa sentensi moja inayompa mzazi asiye na mwenzi haki ile ile ya kuchagua.

Nasema kinarekebishika kwa sababu mmekwisha kufanya hivyo. Hadi mwaka wa kodi 2020, mwanamke aliyejaza fomu kwa hadhi ya mwenye ndoa anayejaza peke yake alikataliwa EITC moja kwa moja. Kwenye sheria ya Machi 2021 mliweka kwamba, kama mtoto ameishi naye zaidi ya nusu ya mwaka na yeye na mumewe hawakuishi pamoja miezi sita ya mwisho ya mwaka, anastahili. Mabadiliko hayo mliyaacha yawe ya kudumu. Ninao akina mama ambao waume zao bado wako Nyarugusu wakisubiri, na leo fomu zao zinapita. Mistari michache ya sheria iliyowafikiria wanawake waliotengana na waume zao ikawafikia na hawa wa Kigoma.

Kamati zenu zitakapokaa tena kujadili masharti ya EITC, naomba muwaite walezi wenyewe watoe ushahidi. Waiteni bibi, kaka mkubwa, mke wa mjomba, pamoja na wakalimani wao. Wapeni fomu ya ukaguzi kama ilivyo, mbele ya kamati, na muwaulize ni hati ipi kati ya zile wanayo na ipi hawana. Niko tayari kuwaleta wale watakaokubali, na nauli ya kutoka Iowa tutaichanga wenyewe.

Wenu katika utumishi,

Mjazaji kodi wa kujitolea
Des Moines, Iowa